Daftari Nililolikalia

Walimu wenzangu wadogo wameniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na wametaka kwa Kiswahili, maana Kiarabu changu kinawachekesha mpaka leo. Haya, nami nacheka nao. Huu mwezi wa tatu tangu nistaafu. Kila asubuhi naamka mapema kama kawaida, navaa dishdasha, nafunga kilemba, halafu nakumbuka kwamba hakuna darasa linalonisubiri. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini akaulize ofisini, mafaili yapo. Mimi nitasema habari ya daftari moja tu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi hilo ndilo lililoniuma, na bado linauma.

Nyinyi mnanijua kuwa mwalimu wa fizikia, wa Ibra, kisha Sur, kisha Nizwa, miji ya huku nchi ya Maskati. Kabla ya hapo nilikuwa na kazi nyengine. Niliondoka Unguja kijana kwenda kusoma Ulaya, upande wa kaskazini kwenye baridi za kukata masikio. Nikiwa huko mambo ya kwetu yakageuka, na mama yangu akahamia Ibra, kwa watu wa babu yake. Sikumwona kwa miaka kumi na mbili. Nilisoma, nikapata shahada, nikachukuliwa katika maabara iliyokuwa na mashine ya kurusha chembe, saiklotroni, kubwa kama nyumba na yenye maudhi ya mgonjwa mzee.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Viktor. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati lake limetoboka kiwiko, na huko kwao hata mkubwa wako unamwita jina lake kavukavu. Mimi ilinishinda. Nilitia "mzee" mbele ya jina lake kwa Kiswahili, akauliza maana yake, nikamwambia, akapenda. Mzee Viktor alinipa kipande cha madini ya risasi na rola ya chuma, akaniambia nikikande mpaka kiwe chembamba kama ganda la kitunguu. Nilikipasua mara tisa. Cha kumi akakiweka kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda mrefu, akasema, "Safi." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la sifa, hana jengine. Katika miaka yote niliyomjua alinambia mara mbili tu, na hiyo ya risasi ndiyo ya kwanza.

Kazi yetu nitaieleza kama nilivyokuwa nikiwaelezea wanafunzi. Kiini cha atomu, kile kidogo kilichomo katikati, si kokoto iliyokaa kimya. Ukikipiga kinatikisika, na kinatikisika chote kwa pamoja. Mara nyengine protoni zote zinakwenda huku na nyutroni zote kule, zinarudi, zinapishana. Mara nyengine kiini kinarefuka kama yai, kisha kinabonyea, kisha kinarefuka tena. Mitikisiko hiyo ilikuwa imeshaonekana. Iliyobaki ni moja ambayo watu waliikisia tu: kiini kizima kinatanuka na kusinyaa pande zote kwa mara moja, kama kifua cha mtu aliyelala. Tuliuita mpumuo. Mzee Viktor aliutafuta tangu nywele zake nyeusi.

Kwa nini? Kwa sababu mpumuo ukiupata, unajua kiini kinabanika kiasi gani. Kitu kigumu kubana kinapumua haraka, kilicho laini kinapumua polepole. Na hakuna njia nyengine ya kujua, huwezi kutia kiini kwenye jiliwa ukakaza. Mzee Viktor alikuwa akisema kuna nyota zilizokufa zilizojikunja zikawa kama kiini kimoja kikubwa, na anayejua ubanikaji huo atajua kwa nini nyota zile hazijiporomokei zaidi. Akishasema hivyo hupangusa miwani, na sisi tunajua leo hatutakwenda nyumbani mapema.

Tulirusha chembe za alfa kwenye kile kibati cha risasi, tukazihesabu zinapotoka upande wa pili. Chembe inayotoka imechoka, ujue imeacha nguvu zake ndani, na kiasi ilichoacha kinakwambia kiini kilitikisika vipi. Hesabu zikichorwa, kila mtikisiko unasimama kama kilima. Taabu ni kwamba kilima cha mpumuo kilijificha kwenye bega la kilima cha lile yai. Ili kuvitenganisha lazima utazame karibu sana na njia ya mwale wenyewe. Kwenye pembe ndogo kabisa mpumuo hupanda, na mwenzake hapandi vile. Lakini hapo karibu na mwale ndipo penye takataka zote, chembe zilizogonga ukingo wa fremu iliyoshika kibati na kurudi zikijifanya za maana.

Siku ile tulipotazama pembe ndogo kuliko zote, kilima kilisimama. Mimi ndiye niliyeandika hesabu katika daftari, kwa kalamu ya risasi isiyo na kifutio, kwani Mzee Viktor alikataza vifutio chumbani. Ukikosea, piga mstari mmoja, kosa lisomeke. Alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake. Nikamuuliza, "Ndiwo?" Akasema, "Ama ndiwo, ama ni takataka. Tutapima tena fremu tupu, bila ya risasi. Kilima kikibaki, tumedanganywa. Kikitoweka, basi ndiwo."

Mashine haikuwa yetu peke yetu, zamu ya kupima fremu tupu ilikuwa baada ya wiki sita. Katika wiki hizo ikaja simu ya maandishi kutoka kwa ami yangu Saidi: mama ana maradhi ya moyo, njoo. Nikaomba ruhusa ya mwezi mmoja. Daftari nikalitia mkobani, ati nikafanye hesabu nikiwa nimekaa na mgonjwa. Mzee Viktor alinisindikiza mpaka kituoni akasema, "Kurudi lazima." Sikujua alisema daftari au mimi.

Ami Saidi alinipokea kwa Landrova, na njia ya Ibra zamani hizo ilikuwa changarawe na mavumbi, tulifika tumekuwa rangi moja sisi na gari. Mama alikuwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya udongo, miguu imemvimba. Nilimwambia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Umekuwa mwembamba. Huko wanakulisha nini, namba?" Tukacheka, tukalia, yote pamoja.

Kesho yake majirani wakaja kunitazama, na hapo nikapata fedheha ambayo Ibra nzima iliisikia. Kahawa ilimiminwa, nikanywa, nikanyoosha kikombe kurudisha. Kikajazwa. Nikanywa tena kwa adabu, nikarudisha. Kikajazwa. Unguja ukishamaliza kahawa unampa muuzaji kikombe chake, basi, yamekwisha. Hapa sikujua kwamba ukitosheka lazima ukitikise kikombe, utikise kidogo tu kwa vidole, ndipo mmiminaji aondoke. Usipotikisa, bado unataka. Mimi nikanywa vikombe kumi na kimoja. Mikono ikaanza kutetemeka kwa kahawa, na ule mtetemeko ndio ulioniokoa, mmiminaji alidhani natikisa. Ami Saidi aliinama hoi. "Tikisa, yakhe, tikisa! Utakufa kwa heshima!" Mama alicheka chumbani mpaka akakohoa. Nilimwandikia Mzee Viktor habari ile yote, akajibu kwamba alicheka peke yake jikoni mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwezi ukapita, mama hakupona na hakuzidiwa. Skuli mpya imefunguliwa, mwalimu wa fizikia hakuna, na mkuu wa skuli akasikia kuna kijana wa kutoka Zanzibar aliyesomea mambo hayo. Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani. Nikakubali kwa muda. Siku ya kwanza darasani nilisema Kiarabu nilichofundishwa na mama usiku wa jana yake, na mama Kiarabu chake alikiokota kwa wanawake wenzake jikoni. Kumbe nilikuwa naeleza umeme kama mtu anayemtuma binti yake kuni. Wavulana walijizuia, walijizuia, mwishowe mmoja wa kutoka mji wa Dima wa Tayyin akapasuka kwa kicheko na darasa lote likamfuata. Nikacheka nami. Tangu hapo tulipatana: mimi nawafundisha fizikia, wao wananisahihisha.

Vifaa hatukuwa navyo. Nilipohamishiwa Sur nilimwomba mpiga ngoma mmoja, Mabruki, aje darasani na ngoma yake na jiko la makaa. Aliniona mwendawazimu lakini alikuja. Nikawaambia wanafunzi wafumbe macho. Akapiga ngoma ikiwa baridi, halafu akaipasha moto mpaka ngozi ikakaza, akapiga tena. Nikawauliza ngozi ipi ilikaza zaidi. "Ya pili!" Mmejuaje nanyi hamkuigusa? Kijana mmoja wa Al Kamil akasema, "Ustadh, si tumesikia?" Nikasema basi, hivyo ndivyo tunavyojua kiini cha risasi ni kigumu namna gani. Hapo nikageukia dirisha, nikajidai nakohoa moshi wa makaa. Mabruki alinitazama kwa jicho la kujua jambo.

Kila baada ya alasiri nililifungua lile daftari. Hesabu nilishazimaliza zamani, nilikuwa nalitazama tu, natazama ukurasa wa mwisho na kilima chake. Hata huko nyuma, tulipokuwa bado Ibra, mama aliniuliza, "Hicho unachokipindua kila siku ni chako?"

"Cha maabara, mama. Cha mwalimu wangu."

"Ni amana, basi."

"Ni amana."

"Amana humpi mtu njiani. Utampelekea kwa mkono wako."

Nikalishika neno hilo kwa meno. Kwetu amana haitupwi kwenye sanduku la posta, mwenyewe aliyepewa ndiye anayerudisha. Wiki chache baadaye ikaja barua ya Mzee Viktor. Mashine inapewa madaktari, wataitumia kutengenezea dawa za hospitali, yeye amebakishiwa siku mbili za mwisho. Atapima fremu tupu. "Nitumie daftari," aliandika, "nitoe hesabu hizi katika zile, tujue." Vipimo vya risasi vilikuwa kwangu tu, hakuna nakala, na mashine haitarudi tena kwake ili avipime upya.

Ami Saidi alikuwa akienda Maskati siku ya pili yake. Alisimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Nipe nikakutilie posta, kwa rajisi, halitapotea." Nikakataa. Nikasema ni amana. Nikamwandikia Mzee Viktor nikamweleza amana ni nini, na kwamba mama akipata nafuu nitakuja nayo mwenyewe, likizo ya kiangazi. Jawabu yake ninayo mpaka leo. "Nimepima fremu tupu. Sikwambii ilitoka nini. Kama daftari lako ni amana yangu, basi karatasi yangu ni amana yako. Nitakuwekea."

Aliona ni jambo zuri, maskini. Alidhani ni mambo ya kiangazi kimoja.

Kiangazi kikaja mama akazidiwa. Cha pili akazidiwa tena. Nikahamishiwa Sur, nikahama naye, kisha Nizwa, nikahama naye. Nikawa na wanafunzi wa mtihani, sina wa kumwachia. Nilikuwa na sababu kila mwaka, na zote zilikuwa za kweli. Nizwa niliwapeleka wanafunzi kutazama ghala ya zamani ya tende, namna makanda yalivyopangwa moja juu ya moja mpaka yale ya chini yakabanwa na asali ikateremka kwenye vijifereji vya sakafuni. Nikawaambia tende zinabanika, kiini kinakataa. Mmoja akauliza, "Na kikibanwa sana, ustadh, hakitoi asali?" Nikamjibu suali zuri, na nilivyorudi nyumbani nikataka kumwandikia Mzee Viktor, kisha nikaona haya. Barua zangu zilikuwa zimepungua. Mtu uliyemkalia kitu chake unamwandikia nini?

Nilikuwa Nizwa ilipofika bahasha kutoka kwake. Ndani mna makala ya wataalamu wa mbali, siwajui. Wameuona mpumuo, kwa chembe za alfa, kwa pembe ndogo kabisa, kilima kimesimama. Nikalitoa daftari mkobani nikaweka ukurasa wangu wa mwisho karibu na mchoro wao. Kilikuwa mahali pale pale. Mzee Viktor alitia mistari miwili tu: "Wameuona. Amana yako ingali kwangu." Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikata maini. Na mbaya zaidi, sikujua kama kilima changu ni mpumuo kweli au ni takataka za ukingo zilizoangukia mahali pazuri kwa bahati. Jibu lilikuwa kwenye karatasi moja, kwenye mtoto wa meza, katika nchi ya baridi.

Nilikaa barazani na daftari mapajani. Mama aliniita ndani. Alikuwa hawezi tena kukaa bila ya mito.

"Wenzako wamefika kabla yako," akasema. Sijui alijuaje, labda kwa uso wangu.

"Wamefika, mama."

"Nilikwambia umpelekee mwenyewe."

"Ndiyo sababu sikulituma. Nilikuwa nangoja niweze kwenda."

Akafumba macho kidogo. "Mwanangu, ningekufukuza vipi tena? Ningekwambia nenda uniache, ungekataa. Nikasema itakuwa amana ndiyo itakayokuondoa hapa. Nilikupa sababu ya kwenda. Wewe ukaifanya sababu ya kulikumbatia daftari."

Ilikuwa kweli tupu. Maradhi yake yalinizuia kusafiri, hayakunizuia kumpa ami Saidi kifurushi. Sikulituma kwa sababu siku nitakayolitia posta ndiyo siku nitakayokuwa mwalimu wa skuli basi, si mtu wa maabara aliyekuja nyumbani kwa mwezi mmoja. Nilikuwa nimejiwekea mlango wazi, na gharama yake akalipa mwengine. Nyinyi mnaoshika kazi sasa, ninalo la kuwaambia moja tu: mwenzako akihitaji hesabu ulizonazo, mpe siku hiyo hiyo, mambo yako na nafsi yako utayamaliza baadaye.

Mama alifariki mwaka uliofuata, Mungu amrehemu. Likizo ilipofika nikapanda ndege na daftari kifuani, ndani ya koti, sikulitia hata kwenye mkoba.

Mzee Viktor naye alikuwa ameshastaafu, anakaa peke yake ghorofa ya tatu. Alifungua mlango, kiwiko cha shati kimetoboka vile vile, nywele zimekwisha. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi tangu Nizwa, nimeyapanga vizuri, yakanipotea yote. Nikamnyooshea daftari kwa mikono miwili. Akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akaenda kwenye meza ya jikoni, akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokunjwa mara moja.

"Hukutazama?" nikamuuliza. "Miaka yote?"

"Niliitazama siku niliyoipima. Lakini nusu ya hesabu haisemi kitu."

Tukakaa. Mimi nikawa nasoma hesabu za daftari, yeye anasoma za fremu tupu, anatoa, anaandika, kwa kalamu isiyo na kifutio. Alikwenda polepole, namba moja moja. Hesabu za fremu tupu zilikuwa ndogo, tena zimetandaa sawasawa. Alipomaliza kuchora, kilima kilikuwa kimesimama peke yake kwenye karatasi, kimeachana na bega la mwenzake. Si takataka. Ndiwo.

Nikalia kama mtoto. Nikamwambia, "Ungekuwa wa kwanza, Mzee Viktor. Mimi ndiye niliyekukosesha."

Akakitazama kile kilima muda mrefu, kama alivyokitazama kibati changu kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Safi."

Halafu akainuka, akafungua kabati, akatoa vikombe viwili vidogo visivyo na mikono, namna ya vikombe vyetu. Alivinunua mwaka ule niliomwandikia habari ya kahawa, akaviweka mpaka nitakapokuja. Akamimina, nikanywa. Akamimina tena, nikanywa. Cha tatu alipokishusha kwangu alikuwa anautazama mkono wangu, haondoi macho.

"Kwa mujibu wa barua yako," akasema, "nangoja ukitikise."

"Bado," nikamwambia, nikamnyooshea kikombe.